MWANAFUNZI AKIRUDI LIKIZO ANAJIKUNA, TUTIBU NYUMBA NZIMA



Likizo zikifika, watoto wetu wanaosoma Kampala wanarudi hapa Nakivale kupitia Mbarara, na godoro, sanduku na begi la nguo chafu. Wengine wanarudi pia na upele, ule ambao wenzetu wa Kongo huuita gale. Wazazi wengi wanaona aibu, na mtoto anagombezwa kwamba haogi.

Mimi niligombezwa hivyo. Nilisoma sekondari Kibuli, kwenye kile kilima cha msikiti mkubwa, nikikaa hosteli. Tulikuwa wanane chumba kimoja, na usiku wa mvua tulilala wawili kitanda kimoja kwa ajili ya baridi. Wengi wa wenzangu walikuwa Waislamu. Walitia udhu kabla ya kila sala, mikono na miguu yao ilikuwa safi kuliko yangu, na bado walijikuna katikati ya vidole kama mimi. Mama mlezi wa hosteli alisema sisi ni wachafu. Tukajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka.

Upele unatoka wapi?

Unaletwa na kijidudu kidogo sana, hakifiki nusu milimita. Jike linachimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kwa kawaida mtu mmoja huwa na vijidudu kama 10 au 15 tu, lakini vinatosha kumnyima usingizi. Kuoga hakuvitoi, maana viko ndani ya ngozi. Vinahama ngozi inapogusana na ngozi kwa muda mrefu, kwa mfano kulala pamoja, na mara nyingine kwa shuka, taulo au nguo za kuazimana. Angalia katikati ya vidole, viwiko, kwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Kuwasha kunazidi usiku.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mtu ambaye hajawahi kuugua upele anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 bila kuwashwa, na huku anaambukiza wengine. Mimi nilikuja likizo ya Agosti, nikalala mkeka mmoja na wadogo zangu, nikarudi Kibuli. Walipoanza kujikuna mimi sikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba umetoka kwangu. Mama akampaka dawa yule aliyejikuna zaidi. Akapona, akaupata tena kwa mwenzake. Ukazunguka nyumba yetu hivyo mpaka Desemba. Mdogo wetu wa mwisho alijikuna mpaka vidonda vikatoa usaha, na asubuhi moja akaamka uso umevimba, mkojo wake mweusi kama chai ya rangi. Vidonda vya upele vikiingiwa na bakteria vinaweza kuharibu figo. Alilazwa, akapona. Ukiona dalili hizo kwa mtoto, usingoje kesho.

Tufanye nini?

Mlete mwanafunzi kituo cha afya wiki ile ile aliyorudi, na useme mko wangapi nyumbani. Dawa inayotumika sana ni ile losheni nyeupe ya benzili benzoeti. Anaoga, anajikausha, anapakwa kuanzia shingoni mpaka nyayo, pamoja na chini ya kucha, bila kugusa macho wala vidonda vilivyo wazi. Inachoma kidogo. Maliza siku zote ulizoelezwa, hata kama kuwasha kumepungua. Kwa watoto wadogo dawa inapunguzwa nguvu, na kipimo utapewa na mhudumu. Usigawe chupa ya mkubwa kwa kukisia. Mama mjamzito aseme kwamba ana mimba.

Wote wanaolala nyumba hiyo wapake siku moja, hata asiyewashwa. Baba pia! Akina baba wengi wanakataa, na ndiyo maana dawa inaonekana haifanyi kazi.

Wako wanaonunua dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe na kuwapaka watoto. Tafadhali, acheni. Ni sumu, inapita kwenye ngozi, na mtoto anaweza kuzimia au kufa.

Kuhusu nguo, najua foleni ya maji. Siku ya kupaka dawa, fua kwa maji ya moto zile zilizovaliwa na shuka zilizolaliwa siku 3 zilizopita, uanike juani. Zinazobaki, na blanketi isiyofulika, zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku 7. Kijidudu kikikosa mwili wa mtu hakipiti siku chache, kinakufa. Mfuko hauhitaji hata jerikani moja ya maji.

Baada ya dawa, kuwasha kunaweza kuendelea wiki 2 mpaka 4 ingawa vijidudu vimekufa. Usiongeze dawa kwa hasira, ngozi itaungua. Lakini vipele vipya vikitokea, rudi kituoni.

Mwanafunzi anapofungasha kurudi shule, awe na taulo lake, na kama inawezekana shuka mbili. Awaambie pia wenzake wa chumbani kwamba alitibiwa. Ni maneno magumu kwa kijana, najua. Sisi wanane tuliyasema siku moja, tukamwendea mama mlezi pamoja, na chumba kizima kikapakwa dawa jioni ile ile.