Jackie Robinson, Mlinzi wa Besi ya Pili

Mtoto wa Marereni aliyecheza raunda shuleni anaijua nusu ya besiboli: unagonga mpira, unakimbia besi hadi besi, ukirudi salama ulikoanzia umefunga. Nusu iliyobaki ni kazi ya walinzi wa ndani, na hapo ndipo jina la Jackie Robinson linapostahili kujulikana huku kwetu Pwani.

Tangu 1948 hadi 1952 Robinson alilinda besi ya pili ya timu ya Brooklyn Dodgers ya Marekani. Kutoka besi hadi besi ni kama mita 27. Mpinzani akiwa besi ya kwanza na mpira uliogongwa ukibingirika chini, mwenzake Pee Wee Reese aliuzoa akamtupia. Robinson aliudaka, akakanyaga besi, na papo hapo akaurusha besi ya kwanza kumwahi mpigaji, huku mkimbiaji akimjia miguuni kwa kasi. Wapinzani wawili wametolewa kwa mpira mmoja! Kuanzia 1949, kwa misimu minne mfululizo, hakuna mlinzi wa nafasi yake katika ligi yake aliyeshiriki kutoa wawili namna hiyo mara nyingi kumzidi.

Zamu yake ya kukimbia ilipofika, alitisha zaidi. Mwaka 1949 aliiba besi 37, yaani aliichomokea besi ya mbele bila kungoja mpira ugongwe, akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Tazama hesabu yake: mrushaji anayemchungulia mkimbiaji hawezi kumkazia macho mpigaji, na mpira uliorushwa kwa wasiwasi hugongeka kirahisi. Kwa hiyo hata aliposimama tu pale besini, Robinson aliwasaidia wenzake.

Haya aliyafanya mtu aliyeingia ligi kuu akiwa na miaka 28. Wachezaji weusi walikuwa wamefungiwa mlango hadi Aprili 15, 1947, siku aliyoingia yeye. Miaka yake ya ujana iliyoporwa huniuma kila nikisoma takwimu zake.

Nasi Wakenya alitufaa. Mwaka 1959, akiwa amekwisha kustaafu, yeye pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani nauli za wanafunzi wa Kenya waliopangiwa safari na mwanasiasa Tom Mboya. Septemba hiyo vijana 81 walisafiri kwenda vyuoni Marekani. Wengine wakafuata 1960, Wangari Maathai akiwa miongoni mwao.