Siwa za Lamu na Pate

Wanafunzi wetu wajua kusema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini ukiwauliza mbiu ni kitu gani, wachache watajibu kwamba ni pembe ya mnyama ipulizwayo ili watu wakusanyike. Siwa hawaijui kabisa, ama hudhani ni jina jingine la baragumu. Tumeona vema kuieleza, maana atakaye habari za muziki wa kale katika mji wa Lamu hana budi kuanza nayo.

Katika makumbusho ya Lamu, mbele ya bahari, zimewekwa siwa mbili. Moja ni ya Lamu yenyewe, ya shaba ya manjano. Ya pili ni ya Pate, ya pembe za ndovu. Kila moja yapita kimo cha mtu, na zote zimenakshiwa. Ile ya shaba ilifanywa kwa nta: fundi alitengeneza mfano wa nta, akauvika udongo, akautia moto hata nta ikayeyuka, kisha akamimina shaba mahali pake.

Tundu la kupulizia haliko nchani, kama katika tarumbeta za Kizungu, bali ubavuni. Tumesikia wengine wakidai kwamba vyombo hivi vililetwa na Wareno. Sivyo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi mmoja wa safari ile aliona kwa mfalme wa mji huo pembe mbili za ndovu, kimo chake kama mtu, nazo zilipulizwa kwa tundu la ubavuni.

Tena, siwa haina matundu ya vidole. Yatoa sauti chache tu, nzito, za kusikika mbali. Mgeni huuliza kama huo nao ni muziki. Sisi twaona ameuliza vibaya. Siwa haikufanywa ili watu wasikie wimbo, ilifanywa ili wajue ni nani anayeoza au kutahirisha mwanawe. Mbiu humwita kila mtu. Siwa ililia kwa ajili ya waungwana, na asiye wa daraja yao hakupigiwa.

Jinsi haki hiyo ilivyokuwa kubwa, habari za Pate zaonyesha. Husimuliwa kwamba Mwana Darini alitaka kumtahirisha mwanawe, akaomba siwa ya mji, akanyimwa. Hakuahirisha sherehe, wala hakubali mwanawe atahiriwe kimya kama mtoto wa mtu asiye na jina. Alimwita fundi Mwenyi Bayayi, akamchongea siwa yake mwenyewe ya pembe.

Mwalimu awapelekapo wanafunzi huko, asikawie mno penye nakshi. Awaonyeshe kwanza lile tundu la ubavuni, kisha awasimulie habari za mama huyu wakiwa wamesimama mbele ya siwa ya Pate.