Ukokotoaji wa Uwezekano wa Sampuli Nasibu kwa Kutumia Michanganyiko: Mfano wa Mikoa ya Tanzania

Makala hii inafafanua namna michanganyiko inavyoweza kutumika kupima dai linalojitokeza mara kwa mara katika sura za mbinu za utafiti, kwamba sampuli iliyoteuliwa kinasibu huwakilisha eneo zima la utafiti.

Tuchukulie mtafiti wa matumizi ya Kiswahili anayeteua mikoa 5 kwa kura kati ya mikoa 31 ya Tanzania. Kati ya hiyo, 26 ni ya Bara na 5 ni ya Zanzibar. Vikaratasi vyenye majina ya mikoa huchanganywa, kisha huokotwa vitano bila kurudishwa. Mfuatano wa kuokota hauathiri sampuli: kupata Tanga kisha Mwanza ni sawa na kupata Mwanza kisha Tanga. Kwa hiyo kanuni inayofaa ni ya michanganyiko:

C(n, k) = n! / [k!(n − k)!]

Idadi ya sampuli zote zinazowezekana ni C(31, 5) = 169,911. Sampuli zisizo na mkoa wowote wa Zanzibar ni C(26, 5) = 65,780. Kwa kuwa kila sampuli ina nafasi sawa ya kuteuliwa, uwezekano wa Zanzibar kukosekana kabisa ni:

65,780 / 169,911 ≈ 0.387

Yaani, takribani mara 39 katika kila kura 100, utafiti huo utazungumzia Kiswahili cha Tanzania bila data yoyote kutoka Zanzibar, ingawa kura imepigwa kwa haki. Ili uwezekano huo ushuke chini ya 0.05, mtafiti angehitaji kuteua mikoa isiyopungua 14, idadi ambayo ni vigumu kuimudu kwa muda na gharama.

Suluhisho ni usampulishaji nasibu wa matabaka: mikoa 4 iteuliwe kutoka Bara na 1 kutoka Zanzibar. Hapo sampuli zinazowezekana ni C(26, 4) × C(5, 1) = 14,950 × 5 = 74,750, na zote zina mkoa wa Zanzibar. Hata hivyo, nafasi ya mkoa wa Zanzibar kuteuliwa huwa 1/5, na ya mkoa wa Bara 2/13. Tofauti hiyo sharti izingatiwe katika uchanganuzi wa data.

Hivyo basi, neno "nasibu" hueleza utaratibu wa uteuzi. Uwakilishi wa sampuli hauna budi kukokotolewa kabla ya mtafiti kwenda uwandani.