Cherehani Iliyokwama Haijafa

Kwa mafundi wa Migori na Homa Bay, kuanzia Rongo hadi Oyugis, cherehani nyeusi ya kukanyaga bado ina kazi: kupunguza mitumba iliyozidi mwili, kushona sare za shule. Ni Singer, au Butterfly ya Uchina iliyofuata umbo lake. Ikikwama, mwenyewe hushawishika kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hilo ni kosa, maana mara nyingi inayosumbua mashine hizi ni taka, si uzee. Mafuta yaliyokaa miaka bila kufutwa huganda kama gundi, na mafuta ya kupikia, ambayo wengine humimina wakidhani mafuta ni mafuta tu, huganda vibaya zaidi. Vumbi la nguo nalo hujishindilia chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Dawa ni kudondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu na kiungo, kuiacha ilowe usiku kucha, kisha kulizungusha gurudumu kwa mkono polepole, bila kulilazimisha. Baada ya hapo futa, tia mafuta mepesi ya cherehani. Hatua hii ya mwisho isirukwe: mafuta ya taa huyeyusha uchafu lakini hayalainishi, na chuma kikavu hujisaga.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni vipuri. Umbo la Singer 15 lilianza karne ya 19. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani vililiiga kwa wingi, na Uchina ikaliiga pia. Kwa hiyo bobini, nyumba yake na sindano hutoshea mashine za majina mbalimbali. Linganisha na mashine ya kufyonza vumbi: mfuko wa kampuni moja aghalabu hauingii kwenye ya nyingine, na ukiacha kutengenezwa, mota nzima hukosa kazi. Nakiri kwamba Singer za zamani zaidi, ambazo uzi wake wa chini hukaa ndani ya kichombo chenye umbo la mtumbwi, hazina bahati hiyo.

Atakayepinga atasema mashine ya umeme ina kasi. Ni kweli, na mwenye oda ya sare mia tatu anaihitaji. Lakini umeme ukikatika, ya kukanyaga haisimami, na hata hii inaweza kufungwa mota. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vipuri vya bei rahisi huwa na kingo kali zinazokata uzi. Ndiyo maana kipuri cha asili kisitupwe kwa haraka. Mkwaruzo mdogo husuguliwa kwa msasa laini sana ukaisha. Kabla ya kutumia hata shilingi, shika nondo inayobeba sindano uitikise kushoto na kulia. Ikitulia, mashine inastahili kusafishwa. Ikicheza sana, vishikizo vyake vimelika, na hapo mafuta hayatasaidia.