Kufundisha Maudhui ya Ukabila Katika Darasa Lenye Makovu

Maudhui ya ukabila ni rahisi kuorodheshwa lakini ni magumu kufundishwa. Katika maeneo kama Molo, Kuresoi na Burnt Forest, mwalimu huenda akawa na wanafunzi ambao wazazi wao walikuwa pande tofauti za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika ghasia hizo, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Watahiniwa wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga. Wayajuayo wameyasikia nyumbani, na aghalabu wameyasikia kwa upande mmoja tu.

Tuchukue Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Mwandishi hayataji makabila halisi ya Kenya. Kwa hivyo, mwalimu asiruhusu darasa libahatishe Ridhaa au Mzee Kedi ni wa kabila gani. Likifanya hivyo, riwaya hugeuka ushahidi dhidi ya mwanafunzi aliyeketi dawati la pili.

Badala yake, swali liwe: ni nini kilichomgeuza Mzee Kedi, jirani, kuwa adui? Matini yenyewe inataja mizozo ya ardhi na ushindani wa kisiasa. Aidha, wanafunzi watambue kwamba Ridhaa alitengwa na wenzake tangu akiwa mtoto shuleni. Chuki haikuanza siku ya moto. Ilianza katika dharau ndogondogo ambazo hakuna aliyezikemea.

Mjadala pekee hautoshi. Mnamo 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson alibuni mbinu ya vikundi huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto wa asili mbalimbali. Kila mwanafunzi hupewa kipande kimoja cha somo, na kikundi hakiwezi kulielewa somo zima bila kumsikiliza kila mmoja. Mbinu hii inaifaa riwaya. Mwalimu aunde mwenyewe vikundi vya wanafunzi wanne wanne waliochanganyika, kisha awagawie Ridhaa, Kaizari, Selume na Subira. Walio na mhusika mmoja kutoka vikundi vyote wakutane kwanza, wakusanye hoja, kisha kila mmoja arudi kuwafunza wenzake. Hapo mwanafunzi humhitaji yule ambaye nyumbani ameambiwa amwepuke.

Kwa mtahiniwa, faida ni dhahiri. Jibu lisemalo tu kwamba "kuna ukabila katika jamii" halina uzito. Jibu bora hutaja mhusika, tendo, chanzo na athari. Mathalani, ndoa ya Subira ilivunjika kwa sababu alidharauliwa kama mtu wa jamii nyingine, na watoto wake wakabaki bila mama.

Fasihi haiwezi kurudisha shamba wala marehemu. Hata hivyo, inaweza kumzoeza kijana kuuliza chanzo kabla ya kulaumu kabila. Mazoea hayo yaanze darasani, kabla ya msimu mwingine wa kampeni.