Jicho Linalala, Bibi Yu Macho

Wajukuu zangu, chukulieni bibi mmoja wa Mbagala. Ukungu umemtanda machoni, noti ya elfu tano haitofautishi na ya elfu kumi. Huo ndio mtoto wa jicho: lenzi ya ndani imepoteza ung'avu kwa uzee. Amepangiwa upasuaji katika hospitali ya CCBRT, kule Msasani, Kinondoni. Usiku halali. Anawaza, nitapasuliwaje jicho nami niko macho?

Zamani mngemwonea huruma. Mgonjwa alikamatwa na watu wenye nguvu, kisu kikapita. Hata etha, dawa ya usingizi iliyoonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, haikuyafaa macho, maana mtu aliweza kuzinduka akitapika, kidonda kikafumuka. Ndipo mwaka 1884, mjini Vienna, daktari kijana Carl Koller akatia matone ya kokeini kwenye jicho la chura, la sungura, mwishowe lake mwenyewe. Akasimama mbele ya kioo, akaligusa kwa kichwa cha pini. Hakusikia kitu! Kila nikimfikiria kijana yule na pini yake, mwili hunisisimka. Kokeini ina madhara makubwa, kwa hiyo siku hizi hutumika dawa salama zaidi, kama lidokaini.

Basi bibi atapimwa presha na sukari, atiwe matone ya ganzi. Mara nyingi huongezewa sindano pembeni mwa jicho. Hiyo inauma kidogo, msimfiche. Baada ya hapo jicho halisikii maumivu wala halichezi. Ataona mwanga, atasikia maji na sauti za watu.

Mbona asilazwe usingizi tu? Mwili wa mzee huchelewa kuiondoa dawa. Kipimo kinachomtuliza kijana kinaweza kumpunguzia mzee pumzi, au kumvuruga akili asijue yuko wapi. Tena aliyesinzia huweza kushtuka ghafla, akageuza kichwa chombo kikiwa ndani ya jicho. Ikibidi kumtuliza, hupewa dawa kidogo sana, na mtu huiangalia pumzi yake muda wote. Wengi hutosheka na nesi aliyewashika mkono, na mimi naihesabu hiyo kuwa tiba kamili.

Nanyi mna kazi. Mwelezeni bibi haya kabla ya siku yenyewe. Mkumbusheni amtajie daktari dawa zote anazotumia, hata za miti shamba, na kama hushindwa kulala chali. Na akiwa kitandani kikohozi kikimjia, aseme kwanza, daktari apate kutoa vyombo vyake.