Pawa saplai ya kompyuta kuukuu kwenye meza ya fundi

Kompyuta ya mezani ikishakufa, kifaa ambacho mara nyingi bado ni kizima ni pawa saplai, lile boksi la bati lenye feni. Fundi redio au mwanafunzi wa elektroniki anayetafuta umeme wa DC wa kujaribia saketi zake anaweza kulitumia miaka mingi. Wengi huanza kwa kulifungua ili watoboe bati na kufunga soketi. Mimi nawasihi waliache lilivyo.

Humo ndani umeme wa volti 230 hugeuzwa kwanza kuwa DC ya volti 325 hivi, ukahifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Hata ukichomoa plagi, chaji inaweza kubaki, nayo inaua. Wala hakuna haja ya kuifuata huko, kwa sababu kila unachokihitaji kimekwisha kutolewa nje na kile kishada cha nyaya. Tafuta kiboksi cha mbao au plastiki, ufunge soketi zako humo.

Intel ilitoa mfumo wa ATX mwaka 1995, na rangi zake zimedumu: waya mweusi ni sifuri, wa njano volti 12, mwekundu volti 5, wa chungwa volti 3.3. Hata hivyo pima kwa mita kabla ya kuamini rangi; saplai nyingine za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu. Kuwasha, unganisha waya wa kijani na mweusi kupitia swichi. Saplai nyingi za zamani huyumba au hujizima zisipokuwa na mzigo. Rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10, kati ya mwekundu na mweusi, kwa kawaida hutosha. Inakula nusu ampea tu, lakini hupata moto, kwa hiyo ifunge kwenye kipande cha bati mbali na nyaya.

Jambo linalowaponza watu ni ampea. Saplai iliyoandikwa volti 12, ampea 15, haioni tatizo lolote saketi yako ikivuta ampea 10 kwa kosa la kuunganisha. Kinga yake ya ndani inangoja mkondo upite kiwango kile, na wakati huo waya wako mwembamba umeshaanza kuyeyuka. Weka fyuzi kwenye kila soketi. Ya ampea 2 inatosha kwa kazi nyingi za majaribio. Na fyuzi yenyewe huzuia moto zaidi kuliko inavyookoa aisii, kwani aisii huungua kabla fyuzi haijakatika. Anayetengeneza bodi za simu au redio aongeze moduli ya kurekebisha volti yenye kikomo cha mkondo, ailishe kwa ule umeme wa volti 12, na aanze na miliampea 100. Kwa maoni yangu, bila moduli hiyo saplai hii haifai kazi ya bodi ndogo.

Kumbuka pia kwamba waya mweusi umeungana na bati la boksi na waya wa ardhi wa nyumba. Kwa hiyo huwezi kufuatanisha saplai mbili ili upate volti 24: ya pili itapiga shoti kupitia ardhi. Na ukitumia plagi ya pini mbili isiyo na waya wa ardhi, kapasita za kichujio huliacha bati likielea karibu na nusu ya volti za ukutani, ndiyo maana mkono husisimka ukiligusa. Mkondo huo ni mdogo, lakini unaweza kuua aisii nyepesi. Rekebisha soketi ya ukutani kwanza.

Wengine huuliza kuhusu betri ya gari. Volti 12 haziijazi. Inahitaji volti 14 na kitu. Tena saplai ikizimwa betri ikiwa bado imeunganishwa, umeme hurudi kinyume ndani ya saplai. Kazi hiyo mwachie chaja.